Kabla hujakubali kupigiwa Windows upya

Wateja wetu wengi hapa Mtwara wakileta laptopu huwa wameshaamua dawa: "Fundi, nipigie Windows." Ukiuliza inasumbua nini, majibu ni yale yale: imekuwa nzito, inaleta matangazo ya ajabu, mafaili yamepotea kwenye flashi. Kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, ni kazi halali na tunaifanya. Lakini hard disk (diski inayotunza mafaili yako) ikifomatiwa, yaani ikifutwa yote, bila nakala, picha za harusi, hesabu za duka na ripoti ya chuo vinaondoka vyote, na hakuna fundi mkweli atakayekuahidi kuvirudisha. Matatizo mengi kati ya hayo hayahitaji kufika huko.

Tuanze na flashi, maana ndiyo inayoliza watu zaidi. Umetoka steshenari kuprinti, umefika nyumbani, unachomeka flashi na kukuta folda zote zimegeuka shotikati (alama za njia ya mkato) za KB 1 au 2. Hiyo ni kazi ya kirusi. Usifomati. Usibofye shotikati hata moja pia, kwa sababu kubofya ndiko kunakokipa kirusi ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta yako. Angalia kwanza ukubwa wa nafasi iliyotumika: kama bado ni ile ile, mafaili yamo, yamefichwa tu. Iskani flashi kwa Windows Security (antivirus ya Windows yenyewe), kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandika amri, na uandike hivi:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Pale penye F weka herufi ya flashi yako, kisha bonyeza Enter na usubiri. Folda zitajitokeza. Nakili nyaraka na picha zako tu. Shotikati, na chochote usichokitambua chenye mwisho wa .vbs au .exe, kiache hapo hapo. Nakala zikishakaa salama kwingine, sasa ndiyo fomati flashi. Kama amri hiyo inakutia hofu, itoe flashi uilete kama ilivyo. Flashi isiyoguswa na mtu ni rahisi kuokoa kuliko iliyojaribiwa na kila jirani.

Na huko steshenari kuna jambo linalotuuma kuliko kirusi. Watu wanaomba kazi au mkopo wa chuo, wanapakua vyeti na nakala ya kitambulisho cha NIDA, wanalipa, wanaondoka. Barua pepe imebaki wazi, vyeti vimebaki kwenye Downloads, na anayefuata kukaa kwenye kiti hicho anaviona vyote. Kabla hujanyanyuka, toka kwenye akaunti, futa ulivyopakua, na umwage na Recycle Bin. Mwenye steshenari muungwana hatakasirika. Wengine watakusaidia wenyewe.

Matangazo ya pembeni mwa skrini, yale yanayosema kompyuta yako ina virusi vitano na ulipe sasa hivi, mara nyingi si kirusi kabisa. Kuna siku ulikuwa unatafuta muvi au mechi, tovuti ikakuomba ruhusa, ukabofya Ruhusu ili ipite. Ingia Chrome, Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa, uondoe tovuti zote usizozijua. Dakika chache tu na kelele zimekwisha. Usipakue "kisafishaji" chochote kinachotangazwa humo, wala usipige namba inayoonyeshwa. Na antivirus mbili kwenye mashine moja hazikulindi mara mbili. Zinagombana na kuifanya nzito. Ile ya Windows yenyewe, ikiwa inapata masasisho, inamtosha mtu wa nyumbani.

Uzito una sababu zake. Ikiwa mashine bado inatumia hard disk ya zamani ya kuzunguka, kuipiga Windows upya kutakupa nafuu ya muda tu. Kuiwekea SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ndiko kunakoibadilisha, na mafaili yako tunaweza kuyahamisha yote bila kufuta kitu. Ikiwa inapata joto kali na feni inanguruma, mara nyingi tatizo ni vumbi. Wateja wa Newala na Tandahimba wanalijua vumbi hilo. Laptopu ikitumiwa juu ya godoro, matundu ya hewa yanaziba na inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Tafadhali usiipeleke kupulizwa upepo wa matairi: ule upepo hubeba maji na mafuta.

Kwa walio karibu na bahari, Shangani, Mikindani na Lindi mjini, adui ni hewa ya chumvi. Inakula miguu ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na soketi polepole, mpaka siku moja kompyuta inawaka taa bila kuonyesha picha. Wengi huambiwa ubao mkuu (motherboard) umekufa, kumbe RAM ikitolewa na kusafishwa inarudi kufanya kazi. Kompyuta iliyofungiwa kabatini miezi inaharibika upesi kuliko inayotumika, kwa hiyo iwashe angalau mara moja kwa wiki. Joto lake lenyewe hufukuza unyevu.

Umeme ukikatika, chomoa. Pigo kubwa mara nyingi huja umeme unaporudi, kwa hiyo subiri dakika chache mpaka umeme utulie ndipo uchomeke. Kompyuta ya mezani inahitaji UPS (betri ya akiba), hata ndogo, ili upate muda wa kuhifadhi kazi na kuizima vizuri.

Wengi mnatuuliza kuhusu Windows 10. Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa ilifungua usajili wa ziada wa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Mashine yako haitazimika, ila isipopata masasisho, matundu mapya ya usalama hayazibwi. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64, na kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu nyingi za mtumba sokoni ni za kizazi cha 6 au 7, kwa hiyo uliza kabla hujatoa hela. Kuhusu masasisho kumaliza bando: ukitumia hotspoti ya simu, washa Metered connection kwenye mipangilio ya Wi-Fi ili masasisho mengi yasijipakue yenyewe, halafu mara moja kwa mwezi tafuta bando la usiku uiache ijisasishe.

Msimu wa korosho ukifika na malipo yakianza kuingia, matapeli nao wanaamka. "Ile hela itume kwenye namba hii" bado inawapata watu, na siku hizi inatoka WhatsApp kwa jina na picha ya ndugu yako, kwa sababu akaunti yake imeibwa. Piga simu usikie sauti kabla hujatuma. Namba ya uthibitisho ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS usimpe yeyote, hata anayejitambulisha kuwa wa benki, na washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp leo hii. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Piga pia *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Ukiona bado unahitaji fundi, sisi au mwingine yeyote, muulize swali moja kabla hajafungua mashine: mafaili yangu utayaweka wapi wakati unafanya kazi? Akisita, chukua kompyuta yako. Ukija kwetu, njoo na chaja yake na utueleze ilikuwa inafanya nini mara ya mwisho ilipokuwa nzima. Kwa mnaotoka Masasi, Nachingwea au mbali zaidi, pigeni simu kwanza. Tatizo kama la arifa tunalimaliza kwa maelekezo ya simu, bila malipo, na nauli yako inabaki mfukoni.