Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama wa Redio ya Jamii, Tukuyu: Januari hadi Desemba 2024

Ndugu Wanachama,

Awali ya yote ninawashukuru kwa kufika. Kwa hesabu ya Katibu, hadi saa nne na nusu asubuhi hii mlikuwa mmejiandikisha wanachama 104, idadi ambayo sijaiona ukumbini tangu nishike nafasi hii, na sitajifanya sijui kilichowaleta: ununuzi wa mtambo wa kurushia matangazo kwa fedha za Mfuko wa Jengo. Kabla sijafika huko, ninaomba tuwakumbuke wenzetu wawili waliotutoka mwaka huu, mmoja wao akiwa miongoni mwa wale waliobeba vyuma vya mnara wetu begani kupanda kilima, wakati ambapo barabara ya sasa ilikuwa bado njia ya ng'ombe.

Shughuli za kawaida mnazifahamu kwa kuwa mnazisikia kila siku, hivyo sitawachosha. Vipindi vya kilimo, afya na watoto viliendelea, kile cha parachichi na viazi kikipokea simu nyingi kuliko vyote. Matangazo ya vifo yalisomwa mara tatu kwa siku. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba tuliwapa wagombea waliofika studio dakika kumi kumi, bila kujali chama, na malalamiko mawili yaliyoletwa yalimalizwa na Kamati Tendaji. Kuhusu lugha, ninarudia tena kwamba kanuni za utangazaji zinatutaka tutumie Kiswahili au Kiingereza. Ninaelewa kwamba bibi akipiga simu kutoka Masoko na kuanza kusimulia kwa Kinyakyusa ni vigumu kumkatiza, lakini mtangazaji anayemjibu kwa lugha hiyo hiyo kwa robo saa anaiweka leseni yetu sote mashakani. Salamu ya "ndaga" haina ubaya, ila mazungumzo yote hayawezekani.

Sasa ninakuja kwenye mtambo.

Usiku wa Jumamosi tarehe 9 Machi, mvua ikiwa imenyesha tangu alasiri kama inavyonyesha huku kwetu Rungwe mwezi huo, radi ilipiga mnara wetu. Mtangazaji wa zamu alikuwa anasoma kadi za salamu. Anasema alisikia mlio kama wa bati linalopasuliwa, taa zikazimika, na moshi mwembamba ukaanza kutoka nyuma ya mtambo. Nilifika usiku ule ule kwa miguu, kwa kuwa pikipiki isingeweza kupanda katika utelezi ule. Kulipokucha tuliona jambo lililonisikitisha kuliko radi yenyewe: waya wa shaba unaotoka mnarani kupeleka radi ardhini ulikuwa umekatwa kwa msumeno, kimebaki kipande cha urefu wa kiganja, na pale ulipokatwa pameshaota ukijani. Maana yake ni kwamba waya uliibwa muda mrefu kabla, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwamo, aliyewahi kuzunguka nyuma ya kibanda kutazama.

Fundi aliyekuja kutoka Mbeya alitueleza kuwa sehemu ya kukuza mawimbi na ile ya umeme zimeungua. Kutengeneza kungegharimu shilingi 2,600,000 bila dhamana yoyote. Mtambo mpya wa wati 500 kama ule wa zamani ulikuwa unauzwa shilingi 17,500,000 kabla ya usafiri. Mtambo uliotumika wa wati 300, uliopatikana Dar es Salaam, ulikuwa shilingi 6,800,000. Fedha pekee tulizokuwa nazo ni shilingi 9,240,000 za Mfuko wa Jengo, ambazo ninyi na mimi tulizichanga kwa miaka sita ili siku moja tuondokane na chumba cha kupanga, na ninajua uchungu wa kila shilingi iliyomo.

Ibara ya 17 ya katiba yetu inasema kwamba fedha za Mfuko wa Jengo zinazozidi shilingi 1,000,000 haziguswi bila ridhaa ya mkutano wa wanachama ambao akidi yake ni nusu, yaani watu 93. Ninaijua ibara hiyo vizuri kwa sababu nilikuwa kwenye kamati iliyoiandika. Ndiyo maana niliitisha mkutano wa dharura tarehe 16 Machi, wakaja wanachama 31. Niliitisha mwingine tarehe 23 Machi, ujumbe ukatumwa kwenye simu ya kila mwanachama, wakaja 27. Wengine mliniambia baadaye kwamba siku ile lori la mnunuzi wa parachichi lilikuwa limefika na tunda lililokwisha chumwa halisubiri mkutano. Sikatai. Ila nami ninauliza kwa heshima: mwenye kulisubiri lori hili angenitaka nifanye nini na redio iliyokufa?

Katika siku hizo nilikuwa nashinda studio, maana watu waliendelea kuja. Siku moja asubuhi aliingia mzee mmoja kutoka upande wa Ikuti, kofia yake imelowa, ameshika karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne yenye majina ya ndugu wa marehemu na saa ya maziko. Alihesabu shilingi za tangazo akaziweka mezani. Nilipomweleza kwamba redio haipo hewani hakukasirika. Alisimama kidogo akiutazama mtambo uliofunikwa kwa turubai, akauliza, "Kwani mmefunga?" Kisha akazikusanya hela zake moja moja, akatoka kwenda kutafuta bodaboda wawili wa kupeleka habari za msiba Kiwira na Lwangwa kwa gharama ambayo kwetu ingelipa matangazo ya wiki nzima. Wanaosema kwamba tungeweza kukaa kimya hadi mwezi wa Mei tukisubiri akidi, ninawaomba waniambie mzee yule ningemjibu nini.

Tarehe 25 Machi Kamati Tendaji ilikaa. Katika wajumbe tisa walifika watano, wanne wakaunga mkono ununuzi na mmoja akapinga. Tulitumia ibara ya 22 inayoiruhusu Kamati "kuchukua hatua za haraka kulinda mali na uhai wa chama." Mweka Hazina, ambaye ndiye aliyepinga, alikataa kutia saini hundi, na ni haki yake. Katiba inataka saini mbili kati ya tatu, nasi tulitia saini mimi na Katibu. Alhamisi Kuu, tarehe 28 Machi, saa kumi na mbili jioni, redio ilirudi hewani baada ya siku 19, na tangazo la kwanza kusomwa lilikuwa la msiba.

Yamesemwa mengi tangu hapo, mengine kwenye vilabu vya pombe ambako mimi siingii, na ninapenda yajibiwe hapa. Imesemwa kwamba muuzaji ni ndugu yangu. Si kweli. Ni kweli kwamba fundi aliyetuunganisha na muuzaji huyo ni mtoto wa shemeji yangu, jambo ambalo nililitamka mbele ya Kamati na limo katika muhtasari, ukurasa wa tatu. Imesemwa nilipata asilimia kumi. Nilichopata ni kulala usiku mmoja ndani ya basi na mwingine stendi, na kulipa shilingi 180,000 za nauli, wapagazi na chakula kutoka mfukoni mwangu, ambazo sijazidai wala sitazidai, ingawa ninaona vyema zikumbukwe.

Imesemwa pia kwamba tumeshushwa hadhi, kwa kuwa tulikuwa na wati 500 na sasa tunazo 300, na kwamba wenzetu wa Mwakaleli hawatupati. Wati kupungua kutoka 500 hadi 300 hakumaanishi kwamba umbali tunaosikika umepungua kwa kiasi hicho hicho. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga, yakikutana na mlima yanakwama, na kwa hiyo urefu wa mnara na mahali uliposimama vina uzito kuliko wati zenyewe. Mwakaleli hata zamani walitupata kwa kuning'iniza redio kwenye mgomba. Hata hivyo ninakiri kwamba kuna nyumba za mabondeni zilizokuwa zinatusikia kwa shida na sasa hazitusikii kabisa, na kwa wenyeji wa huko ninaomba radhi.

Liko jambo moja ambalo Mweka Hazina atalisema nisipolisema mimi. Mwezi Agosti kijana wetu mmoja wa kujitolea aliufungua mtambo wa zamani stoo na kugundua kwamba ile sehemu ya kwanza inayotengeneza mawimbi haikuungua. Yenyewe peke yake inatoa wati 20, zinazotosha kusikika hapa mjini na vitongoji vya karibu, na sasa tumeiweka kama akiba ya dharura. Hoja ya Mweka Hazina ni kwamba tungeijua siku ile tungesoma angalau matangazo ya vifo tangu tarehe 11 Machi, na tungewasubiri wanachama bila haraka. Pengine. Lakini fundi mwenye cheti alituambia mtambo umekufa, na mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, sikusomea redio. Niliamua kwa nilichokijua siku ile, na ningerudishwa kwenye siku ile kwa ujuzi ule ule ningeamua vivyo hivyo.

Kutoka Mfuko wa Jengo zilitumika shilingi 6,800,000 za mtambo, 540,000 za usafiri na ufundi, na 710,000 za kikinga radi pamoja na waya mpya ambao safari hii umezikwa ndani ya zege. Jumla ni 8,050,000 na zimebaki 1,190,000. Mapato ya kawaida yalikuwa ada 1,464,000, matangazo madogo na ya vifo 3,870,000, vipindi vilivyodhaminiwa 5,200,000 na kadi za salamu 948,000, jumla 11,482,000. Matumizi yalikuwa luku 2,916,000, mafuta ya jenereta 1,188,000, leseni, hakimiliki za muziki na pango 3,150,000, nauli na chakula cha watangazaji 2,740,000 na matengenezo madogo 865,000, jumla 10,859,000. Salio ni 623,000.

Naomba muitazame tena tarakimu ya ada. Tuko wanachama 186, ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi, na waliolipa ni 61. Wanachama 125 wanadaiwa jumla ya shilingi 3,000,000 kwa mwaka huu pekee. Fedha hizo zingelipa matengenezo ya mtambo wa zamani na chenji ikabaki, na mabishano ya leo yasingekuwapo. Baadhi ya wenye madeni ya miaka mitatu ndio wanaozungumza kwa sauti kubwa kuhusu matumizi mabaya ya michango. Inapotokea harusi au msiba tunachanga siku hiyo hiyo, hata mwenye shida hukopa ili jina lake lisomwe. Redio haina siku yake ya kusomewa majina, nami ninaanza kufikiri kwamba hilo ni kosa la uongozi.

Mwezi Januari watangazaji wa kujitolea walikuwa 23 na sasa ni 14. Hawagombani na mtu. Wakishajua kusoma habari na kukata sauti kwenye kompyuta, redio za biashara za Mbeya na Dar es Salaam zinawachukua, na mzazi gani atamzuia mwanawe kwenda kwenye mshahara? Kwa upande wa habari, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, na tunao wawili tu wenye sifa. Mmoja akiugua, mwingine anafanya zamu mbili.

Kwa mwaka 2025 tunatarajia kuongeza urefu wa mnara hali ikiruhusu, kutafuta wafadhili wa sola, na kuanza tena kuujaza Mfuko wa Jengo. Mazungumzo na wadau mbalimbali yanaendelea.

Risiti zote, hundi na mihtasari ya Kamati vipo kwenye jalada la bluu mezani kwa Katibu, na kila mwanachama anaruhusiwa kulisoma hapa hapa ukumbini. Hoja ya kuridhia au kutoridhia ununuzi wa mtambo itapigiwa kura baada ya chakula cha mchana, kwa karatasi, na sitakuwa kwenye kiti wakati huo. Ibara ya 9 inasema mwenye deni la ada hapigi kura. Mweka Hazina amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi hadi saa saba kamili.

Ninawasilisha.

Mwenyekiti