Dawa ya jeni haiuzwi kwenye chupa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani wa Mwanga, Kigoma. Mwanangu wa miaka saba ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tulijua akiwa na miezi minane, vidole vilipovimba mpaka vikang'aa, akawa halali wala hanyonyi.

Mwezi uliopita alipita mtu akiuza chupa ya maji ya rangi ya chai kwa shilingi 60,000, akidai ni "dawa ya jeni" iliyopitishwa Uingereza. Jirani yangu alinunua, akaacha kumpa mtoto wake foliki asidi, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu.

Tiba ya jeni ipo kweli. Uingereza iliidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba, kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea. Lakini hainywewi! Seli mama za damu ya mgonjwa mwenyewe hutolewa, zikapelekwa maabara. Huko kimeng'enya kiitwacho Cas9 hukata jeni kama mkasi, kikiongozwa na kipande cha RNA kinachotambua mahali pa kukata. Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020 kwa kazi hiyo.

Kwa kuwa kazi yangu ni kukata na kushona, hapa nilimtaka nesi wa kliniki arudie maelezo mara tatu. Akanieleza: mkasi ule haushoni. Seli hujiunga yenyewe, na mara nyingi pale kwenye kiungo herufi za maandishi ya jeni hupungua au huongezeka. Kwa hiyo katika tiba hii ile herufi yenye kosa la sikoseli haiguswi kabisa. Huharibiwa makusudi swichi inayozima hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu) ya mtoto wa tumboni, mwili ukaanza kuitengeneza tena, nayo huzuia chembe za damu kujikunja kama mundu. Hatari ni mkasi kupotea njia ukakata kwingine.

Kabla seli hazijarudishwa, mgonjwa hupewa dawa kali za kufuta uboho wa zamani, na zinaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Marekani bei ilitangazwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Hata aliyepona anaweza kumrithisha mwanawe jeni ya sikoseli, maana mayai na mbegu hazikuguswa.

Mkiandika habari za tiba hii, Mhariri, yaandikeni na haya. Tena mtuulizie kwa nini mwanangu hakupimwa siku aliyozaliwa. Juzi nimezunguka maduka matatu ya dawa nikitafuta haidroksiyurea, dawa ya kila siku ya kupunguza makali ya sikoseli. Nimepata vidonge kumi.

Mama Amani,
Mwanga, Kigoma