Choo cha kuchuchumaa kinamfunga bibi ndani, nisaidieni

Ndugu Mhariri,

Natoa tiba ya viungo kwa wazee majumbani. Naomba ushauri wa mafundi na wauguzi kuhusu bibi wa miaka 76 anayeishi na mwanawe kwenye nyumba ya kupanga, Mbagala. Ana kisukari, presha, na goti la kulia limesagika. Mwaka jana alikwenda sokoni mwenyewe. Sasa kufika barazani tu ni mpaka ashikwe. Watoto wanasema ni uzee. Sikubaliani nao.

Kuinuka kitini na kukaa kwa sekunde 30, mikono ikiwa kifuani, aliweza mara 4. Mwanamke wa umri wake asipofika 10, miguu imedhoofu. Kuinuka, kutembea mita 3, kugeuka na kurudi kukaa kulimchukua sekunde 21, na kuanzia 12 tayari tunahofia kuanguka. Presha akiwa amelala ilikuwa 148/84, aliposimama dakika 1 ikawa 122/76. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi namna hiyo, kizunguzungu si cha kushangaza.

Miguu naimudu. Kiti kigumu chenye kimo cha sentimita 45 kinaegemezwa ukutani, juu yake mto uliokunjwa. Anasogea ukingoni, anavuta nyayo nyuma kidogo ya magoti, anainama mbele mpaka pua ifike usawa wa vidole vya miguu, ndipo anainuka. Kukaa ni polepole, kwa kuhesabu hadi 3. Mara 5, anapumzika, mizunguko 3. Akizoea, mto unatolewa. Mjukuu anayemwinua kwa makwapa nimemkataza: bega linaumia, na bibi akivutwa juu bila kuinama, mapaja hayafanyi kazi yoyote. Mkongojo ulikuwa mrefu mno. Nimeukata mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono, mkono ukining'inia na viatu viko mguuni, na chini nimeuvisha mpira. Anaushika kushoto, upande wa pili wa goti bovu, ingawa majirani hawachoki kumwambia auhamishie kulia.

Kuhusu dawa nimemwandikia daktari wake. Ile ya presha inayokojoza anaimeza jioni, kwa hiyo usiku kucha anaamka. Amitriptilini aliyopewa kwa miguu kuwaka moto nayo hushusha presha akisimama. Na metformini, dawa ya kisukari, ikimezwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, ganzi ya miguu ikazidi. Hakuna anayeacha dawa kabla daktari hajajibu. Nimemwomba pia apime figo, maana figo dhaifu huelemewa na protini nyingi, nami kwa kilo zake 55 ningependa apate protini gramu 55 hadi 66 kwa siku, na chai kwa mkate haifiki huko. Yai 1 lina gramu 6 tu.

Ninapokwama ni chooni. Kiko nje, cha kuchuchumaa, kizingiti chake sentimita 20, na wapangaji wote wanakitumia. Akichuchumaa hainuki. Basi tangu mchana hanywi maji ili asiende, mwili unakauka, presha inashuka zaidi akisimama, anaona heri alale, na kulala ndiko kunakomaliza mapaja. Familia imemwekea ndoo chumbani. Usiku sina neno, ila mchana ndoo hiyo imemnyang'anya safari pekee aliyokuwa akitembea.

Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati hakikufaa: tundu linaua nguvu ya kiti, miguu inatanuka, na kwenye saruji yenye maji kinateleza. Cha mbao kinanyonya mkojo na kunuka. Mwenye nyumba hataki choo cha kukaa, na wapangaji wengine hawakitaki pia.

Mafundi, nahitaji fremu ya kukalia juu ya tundu la choo, yenye kimo cha sentimita 45 hivi, yenye mikono ya kujisukumia, isiyopinduka mzee akiegemea upande mmoja, isiyoshika kutu haraka, na nyepesi kiasi cha mjukuu wa miaka 14 kuibeba na kuitoa kila mara. Bomba la aina gani, na miguu itanuliwe kiasi gani? Mshikio je? Ukuta ni wa tofali dhaifu, boliti zinalegea. Nisimike nguzo sakafuni, au kuna njia nyingine isiyomzuia mpangaji anayechuchumaa?

Na wauguzi: mzee anayeogopa choo mnamrudishaje kwenye kunywa maji kabla choo chenyewe hakijatengenezwa?