Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nani Atarudi Kisimani Kupima?

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wataalamu wa maji chini ya ardhi,

Mwaka jana niliwaahidi mambo manne. Mawili yametimia, moja limefika nusu ya njia, na la nne limeshindikana. Naanza na hilo lililoshindikana, maana ndilo lililonikosesha usingizi.

Niliahidi kwamba wanachama wenye kampuni za uchimbaji wangetupatia nakala za kumbukumbu za visima vyao, ili wanafunzi wa vyuo vyetu wapate kitu halisi cha kujifunzia. Ninyi mnajua kisima kirefu kinatakiwa kuacha karatasi gani nyuma yake: aina ya udongo na mwamba kwa kila mita chache, kina ambapo maji yalianza kuonekana, urefu wa kesingi, yaani bomba linaloshikilia kuta za kisima, mahali vilipowekwa vichujio vinavyoingiza maji na kuzuia mchanga, wingi wa maji na ubora wake. Karatasi zilikuja chache, tukazipanga mezani, tukaanza kusoma. Fomu za upimaji wa wingi wa maji, ambapo pampu huvuta maji na mtu huandika kina kinavyoshuka na kurudi, za visima vitatu, katika vijiji vitatu vilivyo mbalimbali, zilikuwa na namba zilezile kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Maji yalishuka sentimita zilezile na kurudi sentimita zilezile, kama mapacha watatu.

Kampuni sitaitaja. Nilimpigia simu aliyejaza fomu, kijana msikivu, mwenye cheti halali. Aliniambia bila kuona haya: "Mzee, hizi huwa hazisomwi na mtu." Nikakosa la kumjibu.

Nalitanguliza hili kwa sababu kila tukizungumza kuhusu kujenga uwezo wa taifa katika sayansi ya maji chini ya ardhi, tunakimbilia kuhesabu vyuo, na kwa vyuo hatuna aibu. Chuo cha Maji pale Ubungo, ambacho wengi wetu bado tunakiita Rwegarulila, kipo tangu 1974 na kinatoa stashahada ya haidrojiolojia, yaani sayansi ya maji chini ya ardhi, na uchimbaji wa visima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha jiolojia na uhandisi wa rasilimali za maji. Morogoro tuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Arusha tuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Kijana wa fomu za mapacha alipita darasani kama sisi. Kilichomponza ni kufanya kazi katika nchi ambayo kisima kikishazinduliwa na utepe ukakatwa, hakuna anayerudi kukipima.

Sasa nije kwenye yaliyotimia. La kwanza ni ziara ya mafunzo Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma. Wengi mnapajua kwa visima vya Mzakwe vinavyoinywesha Dodoma. Wachache wanajua kwamba mahali pale pana hazina ya kisayansi: vipimo vya kina cha maji vilivyoanza kuchukuliwa miaka ya 1950. Ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu kuliko zote za aina hiyo katika ukanda wa tropiki. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha uchambuzi wa miaka 55 ya vipimo hivyo, ulioongozwa na Richard Taylor wa University College London akiwa pamoja na Watanzania, akiwemo Lister Kongola wa Wizara ya Maji.

Tuliwaomba wanafunzi wauchore wenyewe mstari wa maji kwa penseli, bila kompyuta. Mstari unateremka polepole mwaka baada ya mwaka, halafu unaruka juu ghafla, halafu unaanza tena kuteremka. Katika nchi kavu kama ya Wagogo, mvua ya kawaida huishia juujuu. Jua huinyang'anya ardhi kabla haijazama. Ni ile misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi ndiyo inayojaza ghala la chini, na mruko mkubwa kuliko yote katika kumbukumbu ile ulikuja na El Niño ya 1997 na 1998. Utafiti uliofuata, aliomo Japhet Kashaigili wa SUA, ukaonyesha njia ambayo maji hupitia: sehemu kubwa huzama kwenye vitanda vya mchanga vya mito ya msimu kama Kinyasungwe Ndogo, mvua inapoijaza. Mbugani kwenyewe yanapita kidogo. Kwa hiyo anayechota mchanga wa ujenzi korongoni anagusa mlango wa kisima cha Dodoma, na afisa mazingira anapaswa kulijua hilo.

Fikirini kidogo kuhusu yule mpimaji wa miaka ya 1950. Hakuwa akiandika makala. Alitumwa apime, akapima, akaandika, akamwachia mwingine. Angekuwa na tabia ya fomu za mapacha, leo tusingejua lolote kuhusu mvua na maji ya Dodoma.

Jambo moja la siku ile limenikaa moyoni. Niliutoa utepe wa kupimia kina cha maji, ule unaolia ukigusa maji, nikampa msichana wa mwaka wa mwisho. Aliushika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. "Mwalimu, hiki nimekiona kwenye slaidi tu." Alipousikia ukilia mara ya kwanza alicheka, akaomba arudie. Alipima mara tano, akapata majibu matano yanayopishana kwa sentimita chache, tukatumia saa nzima kujadili kwa nini. Sijawahi kufundisha somo la makosa ya vipimo likaeleweka kama siku ile.

Ahadi ya pili iliyotimia ni semina ya maji ya pwani. Hii nitaipitia haraka. Dar es Salaam imekimbilia visima katika ukame wa 1997, ikavikimbilia tena mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua. Dharura ikipita, pampu huendelea kuvuta. Pwani, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya mwambani, na kwa hesabu ya zamani ya wanasayansi Ghyben na Herzberg, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 chini yake. Ukiteremsha mita hiyo moja, chumvi inapata nafasi ya kupanda mara arobaini. Wanachama waliotoka Zanzibar, ambako karibu kila tone la bomba hutoka chini ya ardhi, hawakuhitaji kushawishiwa. Wa bara waliandika sana.

Iliyofika nusu ni kazi ya floridi, madini ambayo yakizidi kwenye maji hutia meno rangi ya kahawia. Tulitaka kila mwanachama wa kanda ya kaskazini apime floridi katika visima anavyovisimamia na kuleta majibu. Arumeru wanajua meno ya kahawia tangu enzi za mababu, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuchuja madini hayo kwa mkaa wa mifupa. Majibu yaliyoletwa ni mazuri ila yametoka kwenye maabara tofauti, na baadhi hayakueleza sampuli ilichukuliwa mwezi gani. Kwa kulinganisha na kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita, hilo linavumilika. Kwa utafiti halitoshi. Kazi inaendelea.

Fedha: Mhazini atasoma hesabu zake. Mimi naongeza tu kwamba ada bado zinalipwa wiki ya mkutano, na wiki ya mkutano haiwezi kulisha mwaka mzima.

Sasa pendekezo langu, ambalo najua litazua mjadala. Utafiti wetu mwingi wa maji chini ya ardhi umeishi kwa fedha za wageni. Siwabezi, mpango wa UPGro wa utafiti wa maji chini ya ardhi barani Afrika, uliogharimiwa na Uingereza kati ya 2013 na 2020, umetuachia maarifa na marafiki. Lakini mradi una tarehe ya kufungwa, na maji hayana. Tazameni Afrika Kusini: kwa sheria ya 1971 walianzisha Tume ya Utafiti wa Maji, inayoendeshwa kwa tozo ndogo ya watumiaji wa maji. Fedha hiyo haingoji mfadhili. Australia nao, mwaka 2009, waliweka utafiti na mafunzo ya maji chini ya ardhi katika kituo kimoja cha taifa, kilicho Chuo Kikuu cha Flinders mjini Adelaide, ili anayefundisha awe ndiye anayetafiti.

Sisi tunazo tayari bodi za maji za mabonde tisa, na watumiaji wenye vibali hulipa ada ya matumizi. Napendekeza chama kiandike rasmi kuomba sehemu ndogo ya ada hiyo itengwe kwa mambo mawili tu: visima vya uangalizi visivyovutwa maji, na posho ya wanafunzi watakaovipima. Sikuweka kiwango makusudi. Tukianza na kiwango tutagombana kuhusu kiwango. Kamati ya utendaji imegawanyika. Katibu anaona tungeanza na bonde moja la mfano, na huenda yuko sahihi.

Wakati tukisubiri majibu ya barua, kuna kazi isiyohitaji barua. Naomba kila mwanachama achague kisima kimoja kisichotumika, karibu na anapoishi, kwa ruhusa ya mwenye kisima na ya ofisi ya bonde, akipime kila mwezi. Wenye kampuni mtachangia tepe za kupimia. Walimu mtaleta wanafunzi wa fildi, na ripoti ya mwanafunzi isiyo na vipimo vyake mwenyewe irudishwe. Fomu zote atazisoma mtu, kwa jina, na atakayesoma za mwaka wa kwanza ni mimi. Yule kijana wa fomu za mapacha nimemwalika leo. Amekuja, amekaa nyuma, na amekubali kuchukua kisima kimoja.

Daftari la kujiandikisha liko mlangoni kwa Katibu. Mkiandika kisima chenu, andikeni pia mdomo wa kesingi, ambapo kipimo huanzia, umetokeza sentimita ngapi juu ya ardhi. Kule Makutupora mimi mwenyewe nilisahau, ikabidi nirudi.