Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayeandika kichekesho cha wapiga filamu ugenini

Mpwa wangu mpendwa,

Mswada wako nimeupokea na kuusoma hadi mwisho. Nimeamua kukujibu hadharani kwa kuwa wapo vijana wengine wanaoandika kichekesho cha aina hiyohiyo, ambamo waigizaji na mafundi wao hufunga safari kwenda kupiga filamu katika nchi ya watu, na kila walichokipanga kikawaharibikia. Umeniambia kwamba mfano wako ni Tropic Thunder, filamu ya mwaka 2008 iliyoongozwa na Ben Stiller. Hata mimi naipenda filamu hiyo kwa dhati, ila naona umejifunza zaidi kutoka upande wake ulio dhaifu.

Tuanze na penye nguvu. Waigizaji wamepelekwa Vietnam kuigiza filamu ya vita inayotokana na kumbukumbu za askari anayedai kupoteza mikono yake yote miwili. Siku ya mlipuko mkubwa, fundi wa baruti anaielewa vibaya ishara ya mwongozaji aliyekuwa akifoka kwa hasira. Mlipuko wa dola milioni 4 unauwasha msitu, na hakuna kamera hata moja iliyokuwa ikirekodi. Mwongozaji anaamua kuwatelekeza waigizaji porini, penye kamera zilizofichwa, ili waonje hofu ya kweli, lakini muda si mrefu anakanyaga bomu la zamani la ardhini na kufa papo hapo. Tugg Speedman, nyota anayeigizwa na Stiller mwenyewe, anashikilia kwamba hiyo ni hila ya filamu tu. Angalia ucheshi huo ulivyojengwa: kila mmoja anaangushwa na majivuno yake mwenyewe. Aliyesoma mswada na kitabu chenyewe ni kijana mmoja asiye na jina kubwa, naye ndiye hasikilizwi. Hata yule askari wa kumbukumbu, mwishowe tunagundua kwamba mikono yake ipo.

Usidhani kwamba hayo yametiwa chumvi kupita kiasi. Mwongozaji Mmarekani Francis Ford Coppola alipokwenda Ufilipino mwaka 1976 kupiga Apocalypse Now, filamu yake kuhusu vita ya Vietnam, kimbunga kilibomoa majengo yaliyotayarishwa kwa ajili ya filamu, mwigizaji wake mkuu Martin Sheen akapatwa na mshtuko wa moyo mwaka uliofuata, na helikopta zilizotolewa na serikali ya Rais Ferdinand Marcos zikawa zinaitwa katikati ya kazi ziende kupambana na waasi. Hebu litafakari hilo la helikopta. Kwa wageni, ratiba ilikuwa imevurugika. Kwa wenyeji, kulikuwa na vita halisi, na chombo kilekile kilichotumika kuigiza vita ya jana ndicho kilichohitajika katika vita ya leo. Mwandishi wa haraka angetuonesha mwongozaji akilalamika na kung'oa nywele. Mimi ningetamani kumsikia rubani Mfilipino akieleza anachokiona anapowatazama wageni wale. (Huko Baler, ilipopigwa sehemu ya filamu hiyo, husimuliwa hadi leo kwamba mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi ulianzia kwenye ubao ulioachwa na wapiga filamu. Hicho nacho ni kichekesho kamili, na wahusika wake wakuu ni wenyeji.)

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katika Tropic Thunder yumo Kirk Lazarus, Mwaustralia mwenye tuzo nyingi, anayefanyiwa upasuaji wa kubadilisha rangi ya ngozi ili aigize sajini mweusi. Mzaha huo ungeweza kuwa tusi tupu. Kwa maoni yangu unaokolewa na Alpa Chino, mwigizaji mweusi anayeigizwa na Brandon T. Jackson, ambaye humkabili Lazarus uso kwa uso na kumkatalia kusema kwa niaba yake. Robert Downey Jr. aliteuliwa kuwania Oscar kwa nafasi hiyo ya Lazarus, lakini mimi sifa nyingi nampa Jackson, kwa sababu aliyefanyiwa mzaha amepata nafasi ya kujibu ndani ya filamu ileile.

Wengine hawakupewa nafasi hiyo. Wenyeji tunaokutana nao ni genge la watengenezaji wa heroini, wanaopiga makelele na kufyatua risasi, na ni vigumu kumkumbuka hata mmoja wao kama mtu mwenye nyumba na wasiwasi wake. Hata msitu wenyewe si wa Vietnam, kwani filamu ilipigwa zaidi kisiwani Kauai, Hawaii. Vivyo hivyo watu wenye ulemavu wa akili: Speedman aliwahi kuwaigiza kwa kusaka tuzo, na neno la dharau dhidi yao linarudiwa tena na tena. Watengenezaji walieleza kwamba walengwa wa mzaha ni waigizaji wa namna hiyo, na nia yao naiamini. Lakini hakuna aliyewajibia ndani ya hadithi, kwa hiyo jibu lilitoka nje: Agosti 2008 watetezi wao waliandamana kwenye uzinduzi wa filamu mjini Los Angeles.

Rudi kwenye mswada wako. Mkalimani wako ameonekana katika maonyesho mawili tu, na kote huko kazi yake ni kukosea maneno ili tucheke. Mwandike upya kama mtu anayeelewa kila linalosemwa, anayejua kwamba mtayarishaji anawadanganya waigizaji wake, na anayeamua kila mara lipi alitafsiri na lipi alinyamazie. Lile onyesho la daraja kuvunjika lianze kwake na kwa dereva, ambaye bila shaka alijua mto huo hufurika majira gani na hakuulizwa. Majivuno ya mwongozaji usiyaguse, maana hayo umeyaandika vizuri sana. Ukishamaliza maonyesho hayo, nitumie hata kabla hujasafisha mengine, nami nitayasoma siku hiyohiyo.

Mjomba wako akupendaye.