Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama wa Anga: injini hazifi kama zinavyokufa kwenye mtihani

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni mwalimu wa urubani wa ndege ndogo za injini moja, na kila mwaka nawaleta wanafunzi wangu mbele ya watahini wako. Wanafaulu, lakini kufaulu kwao hakunipi usingizi.

Mtihani wa injini kuzima unajulikana. Mtahini anavuta wenzo wa nguvu mpaka mwisho, injini inabaki bila nguvu, mwanafunzi anashusha pua ya ndege, anashika mwendo wa kuelea, anachagua uwanda wa kutua na kutaja hatua moja baada ya nyingine. Alama zote. Sasa nikuulize: ni injini ngapi za kweli zinazokufa kistaarabu hivyo? Nyingi hukohoa. Hutetemeka, hutoa nusu ya nguvu, zikarudi kidogo, zikapungua tena. Hii ya nusunusu ndiyo inayoua, kwa kuwa inamwachia rubani tumaini.

Taasisi ya Australia ya kuchunguza ajali za usafiri, ATSB, ilipitia matukio ya ndege za injini moja baada tu ya kupaa, kati ya 2000 na 2010. Injini zilizopungua nguvu zilikuwa 242, zilizozima kabisa 75. Ajali 9 zilizoleta vifo zote zilitoka kwenye zile 242.

Yamenikuta na mimi. Nilikuwa futi kama 400 juu ya ardhi, vali ya silinda moja ikakwama. Ndege iliendelea kupanda, ila kwa kujikokota. Uwanja ulikuwa nyuma yangu, mtupu, lami safi, na mkono wangu ulishaanza kulaza bawa kabla akili haijafika. Ukilaza ndege nyuzi 45, mwendo wa chini kabisa unaoweza kuibeba hupanda kwa karibu moja ya tano. Ukifika nyuzi 60, kwa karibu mbili ya tano. Na kurudi si kugeuka nusu duara tu, maana bado inabidi uifuate tena njia uliyoiacha. Nilinyoosha mabawa nikatua shambani mbele yangu. Gurudumu la pua lilivunjika, nikatoka kwa miguu yangu. Nilikuwa na miaka mingi ya kufundisha, na bado mkono ulinitangulia. Mwanafunzi mwenye saa 50 za kuruka atafanyaje?

Vyanzo vyenyewe havina maajabu: maji yaliyotulia ndani ya tangi la mafuta, chini kabisa, kwa kuwa hakuna aliyeyachuja asubuhi, mafuta kwisha, tangi moja limejaa na rubani kasahau kulifungulia. Kuna na barafu kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa; barafu hiyo wanafunzi huidhania hadithi ya nchi za baridi. Petroli inapogeuka mvuke kwenye koo la kabureta, joto la hewa hapo linaweza kushuka kwa zaidi ya nyuzi 20, hivyo hata siku ya fulana, hewa ikiwa na unyevu, barafu hujijenga. Ukifungua hewa moto ya kuiyeyusha, injini huchafuka zaidi kwanza, kwa kuwa inameza maji ya barafu inayoyeyuka. Asiyefundishwa hilo huifunga haraka, akidhani kakosea, kumbe alikuwa anapona.

Ninachoomba ni kwamba watahini, wakiwa kwenye kimo salama, wapunguze nguvu nusu badala ya zote, kisha watazame uamuzi wa mwanafunzi kuliko ufasaha wa mikono yake. Tena wamsikie, kabla hajaachia breki, akitaja kwa sauti kimo ambacho chini yake hatageuka kurudi.

Pia ripoti za matukio yasiyoua zitolewe hadharani. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali, si kumtafuta wa kulaumiwa; basi aibu ya nini? Ya kwangu niliiwasilisha ikiwa na picha na ile vali yenyewe. Nilipigiwa muhuri wa kupokelewa. Matokeo sijayaona, wala fundi anayehudumia ndege za aina ile hajayaona.

Mwezi ujao namleta mwanafunzi mwingine. Tafadhali mwambie mtahini wenzo auvute nusu.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa urubani