Barua kwa Baba, kutoka chini ya mwamba

Radisson, Québec, Kanada
Februari

Baba, shikamoo.

Mimi hapa sijambo, ila baridi tu. Leo alfajiri tumepanda basi la kazini ndevu za wenzangu zimeshakuwa nyeupe kwa barafu. Mwambie Mama sweta aliyonifumia ndiyo ninayoivaa ndani kila siku.

Juzi kwenye simu uliniuliza swali kuhusu Hydro-Québec, kampuni ya umeme ninayofanyia kazi, mtandao ukakata kabla sijajibu. Ulisema, "Hiyo kampuni yenu nayo si ya serikali? Kazi inafanyika kweli, au watu wanasaini na kuondoka?" Nimelifikiria zamu tatu nzima. Swali hilo likitoka kwa mtu aliyetumikia umeme wa umma miaka 34, haliwezi kujibiwa harakaharaka.

Unakumbuka uliponipeleka kituo chenu cha umeme cha Kidatu nikiwa darasa la nne? Tuliingia handakini nimekushika mkono, nikasikia harufu ya oili na mawe mabichi. Hapa kituo cha umeme cha Robert-Bourassa harufu ni ileile. Kituo kimechimbwa ndani ya mwamba, mita 137 kwenda chini. Mitambo ni 16, jumla megawati 5,616. Ninyi Kidatu mlikuwa na minne, megawati 204. Hata Bwawa la Nyerere kule Rufiji, na megawati zake 2,115, lingeingia humu mara mbili na chenji ibaki.

Sasa nikujibu. Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kufuli. Lina jina langu, ufunguo wake ni mmoja, na unakaa mfukoni mwangu. Tukitaka kuingia ndani ya mtambo kwa matengenezo, swichi zote na milango ya maji hufungwa, funguo zake zikawekwa kwenye sanduku, halafu kila fundi anatundika kufuli lake kwenye sanduku hilo. Tukiwa kumi, makufuli kumi. Mtambo hauwashwi mpaka la kumi litoke, na bosi hana ruhusa ya kukutolea la kwako kwa sababu ana haraka.

Wiki iliyopita mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho. Nimetambaa kutoka ndani, magoti yameloa, namkuta mkuu wa zamu amesimama kando ya sanduku. Limebaki langu peke yake, linaning'inia. Mji mzima wa Montréal, takriban kilomita elfu moja kusini, unasubiri umeme huo, naye hakusema neno. Nikafuta mikono, nikafungua. Baba, nilikuona wewe pale. Nilikuona ukichomoa fyuzi na kuitia mfukoni kila ulipotengeneza waya za nyumbani, Mama akilalamikia giza, nawe humjibu mpaka umalize.

Basi ndiyo, kazi inafanyika. Na watu wa hapa wanaiita Hydro tu, kama unavyomwita mtu wa nyumbani. Kampuni iliundwa mwaka 1944, lakini wazee wanakuhadithia zaidi uchaguzi wa 1962. Waziri René Lévesque wa serikali ya jimbo la Québec alitaka umeme wote uwe mali ya umma, na kaulimbiu ya chama chake ilikuwa kwamba wao wawe mabwana nyumbani kwao. Walishinda, na mwaka uliofuata serikali ikanunua kampuni binafsi 11. Wewe uliyekuwa kijana wakati wa Azimio la Arusha huhitaji nikufafanulie walivyojisikia siku hiyo. Mpaka leo mwenye hisa ni mmoja tu, serikali ya Québec, na hadi asilimia 75 ya faida inaweza kwenda kwake kama gawio. Nyumba nyingi huku zinapashwa joto kwa umeme, kwa hiyo baridi ikikaza ndipo nasi tunapokaza. Tarehe 3 Februari 2023 matumizi yalipita megawati 43,000, hayajawahi kufika hapo kabla. Umeme ukikatika usiku kama ule, mtoto wa mtu anaganda.

Lakini kuna jambo siwezi kukuficha. Mwenzangu wa zamu ni Mkrii, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi hii. Mwaka 1971 Waziri Mkuu wa jimbo, Robert Bourassa, huyu ambaye kituo kina jina lake, alitangaza mradi huu bila kuwauliza Wakrii wala Wainuiti, wenyeji wengine wa kaskazini. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1975 wakatia saini mkataba na serikali. Hata hivyo mto unaoendesha mitambo hii ulibadilika. Watu wa kisiwa cha Fort George walihamishiwa kijiji kipya, Chisasibi, na samaki wa mabwawa wakaongezeka sumu ya zebaki mwilini, watu wakaambiwa wapunguze kuwala. Mwenzangu hutundika kufuli lake kimya karibu na langu. Siku moja alinionyesha kwenye ramani bibi yake alikozaliwa, kidole kikakaa pale muda mrefu. Nami nafikiri mali ya umma ingeanza kwa kuwauliza na hao.

Ada ya mdogo wangu nimetuma jana, nenda kwa wakala kabla ya Jumamosi. Dawa ya presha usiiruke, Mama ameniambia.

Julai nina likizo. Naomba uniandalie jambo moja: tafuta mtu unayemfahamu kutoka enzi zako, atuombee kibali tuingie Bwawa la Nyerere, mimi na wewe. Kofia yako ya kazini ipo kabatini, chini ya mashuka. Ifute vumbi.

Mwanao akupendaye.